Kazi zimejaa mezani na madaktari wanalalamika: kaizen nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 36, nina maabara ya meno hapa Dar es Salaam. Tunatengeneza meno bandia ya akriliki pamoja na krauni (vifuniko vya jino) na briji za porseleni juu ya chuma. Za zirkonia, ile kauri ngumu, tunawapelekea wenzetu wenye mashine watuchongee. Tuko saba: mimi, mafundi watano, na kijana wa bodaboda anayezunguka kliniki kuchukua impresheni (alama za vinywa vya wagonjwa) na kurudisha kazi. Fundi mkubwa ni mzee aliyenishika mkono nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Wote tunamwita Mjomba.

Shida yangu ni ucheleweshaji. Kliniki tunawaahidi wiki moja. Kazi inatoka wiki ya pili, mara nyingine ya tatu. Simu zinaanza asubuhi: "Dada, mgonjwa yuko kwenye kiti, meno yako wapi?" Na zikishatoka, katika kumi inarudi moja au mbili. Meno hayaumani, au krauni inabana, au rangi siyo. Tunafanya kazi mpaka saa mbili usiku, Jumamosi tunaingia, lakini mezani hapapungui. Juzi nilihesabu maboksi ya kazi yaliyoko ndani, yalikuwa 75. Kwa wiki tunatoa kama 30.

Miezi michache iliyopita nilihudhuria mafunzo ya wajasiriamali ya kaizen, ile mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo. Nilirudi na moto. Nikanunua ubao mweupe, nikapiga mistari ya rangi sakafuni, nikabandika majina kwenye droo zote, nikawafundisha vijana 5S, zile hatua tano za kupanga mahali pa kazi, Jumamosi nzima. Baada ya mwezi karatasi zimebanduka na ubao una tarehe ya zamani. Mjomba akaniambia mbele ya vijana, "Mama, jino si gari. Kila mdomo una lake." Wakacheka. Baadaye nikasikia wawili wanaambiana kwamba napima dakika zao ili nipunguze watu. Hao wawili, wanaopanga meno, nawalipa kwa idadi ya kazi. Wengine wana mshahara.

Nikimgusia Mjomba habari ya kupika flaski (vyombo vya chuma vinavyoshika meno ya akriliki yakipikwa) kila siku, anasema gesi itatumaliza. Yeye anapika Jumanne na Ijumaa, sufuria ikishajaa.

Sasa benki wako tayari kunikopesha ninunue mashine ya kuchonga zirkonia, na muuzaji ananihakikishia kwamba itamaliza ucheleweshaji. Mume wangu hataki kusikia habari ya mkopo. Mwalimu, hizi mbinu kweli zinafaa maabara ndogo kama yangu? Nianzie wapi? Na je, nitamkatalia vipi daktari impresheni mbovu, wakati daktari huyo peke yake ananiletea karibu theluthi ya mapato yangu?

Mama wa Maabara, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho umeliweka kama la nyongeza, lakini mimi naona ndilo lililobeba mengine yote. Nitalifikia. Nianze na hesabu, kwa sababu umenipa namba mbili ambazo wenye karakana wengi hawazijui kuhusu kazi zao wenyewe.

Ndani mna maboksi 75, na kwa wiki yanatoka 30. Gawanya, unapata wiki mbili na nusu. Huo ndio muda halisi wa maabara yako, na ndiyo maana mnakesha na bado simu zinalia. Boksi linaloingia leo linakuta foleni ya maboksi 75 mbele yake, na hakuna fundi mwepesi wa mikono atakayelirusha juu ya foleni hiyo bila kulikalisha jingine. Kanuni hii ilithibitishwa kihesabu na Mmarekani John Little mwaka 1961, na inafanya kazi kwa meno sawasawa na inavyofanya kazi benki au bandarini. Kwa mwendo wenu wa sasa, ahadi ya wiki moja itakuwa kweli siku ambayo maboksi yaliyoko ndani hayazidi 30. Kwa hiyo lengo lako la kwanza liwe hilo: kutoka 75 kwenda 30. Usafi wa droo unaweza kusubiri.

Najua utauliza yatapunguaje wakati kila siku yanaingia mengine. Kabla sijakujibu, fanya jambo moja kesho. Chukua boksi moja la meno bandia kamili, ya juu na ya chini, bandika karatasi juu yake, na kila anayeligusa aandike saa aliyolishika na saa aliyoliweka. Waeleze vijana wazi kwamba linalopimwa ni boksi, na jina la fundi lisiandikwe popote. Likitoka mlangoni, kaa na Mjomba mjumlishe. Kumwaga stoni, ile plasta ngumu ya modeli, ni dakika chache. Msingi na ukuta wa nta haumalizi saa moja. Kupanga meno ni saa moja na nusu au mbili kwa mkono uliozoea. Halafu kuweka kwenye flaski, kuyeyusha nta, kujaza akriliki, kupika, kukwangua na kung'arisha. Muda ambao mkono wa mtu ulikuwa juu ya kazi hiyo hautazidi saa chache. Siku nyingine zote boksi lilikuwa limekaa linasubiri mtu au jibu la kliniki, au linasubiri Jumanne ifike.

Lakini hapa kuwa mwangalifu, maana wapo wanaotoka kwenye mafunzo ya kaizen wakidhani kila kusubiri ni upotevu. Katika kazi yenu kuna kusubiri ambako ndiyo kazi yenyewe. Stoni inahitaji karibu saa nzima kabla hujaivua impresheni. Akriliki ya kupika kwa joto ina kanuni zake: ama nyuzi 74 za Selsiasi kwa saa nane au tisa, ama nyuzi hizo 74 kwa saa moja na nusu hivi, ndipo uchemshe kwa saa moja. Ukiharakisha joto, monoma, kile kimiminika kinachochanganywa na poda, inachemka ndani ya akriliki kabla haijakauka, kwa sababu inachemka kwenye nyuzi 100 tu na akriliki yenyewe inatoa joto inapoiva. Matokeo yake ni vitundu ndani ya sehemu nene za meno, na vitundu hivyo ndivyo vinavyokuja kunuka mdomoni mwa mgonjwa. Ukifungua flaski ya moto, meno yanapinda na hayakai tena. Huo muda usiuguse. Na siku kijana yeyote atakapokwambia ameupunguza "kwa ajili ya kaizen," mzuie hapo hapo.

Muda wa kuondoa ni ule wa kungoja Jumanne na Ijumaa. Meno yaliyopangwa, yakajaribiwa kliniki na kurudi Jumanne mchana baada ya sufuria kuwashwa, yanalala mpaka Ijumaa, na wakati huo hakuna kinachoendelea ndani yake. Ijumaa zinatoka flaski nyingi kwa mpigo, wote mnajazana kwenye mashine ya kung'arishia, na kama monoma na poda zilichanganywa vibaya siku hiyo, mmeharibu sufuria nzima. Ukipika mbili au tatu kila siku, kosa la leo unaliona kesho asubuhi na linakuwa limegusa watu wawili tu.

Hofu ya Mjomba kuhusu gesi ni ya haki. Maji yanachukua karibu moto ule ule yakiwa na flaski mbili au nane. Msibishane kwa maneno. Tafuteni sufuria ndogo ya flaski mbili tatu, na mpike kwa wiki mbili mkiandika gesi iliyotumika. Pembeni andikeni pia gharama ya kazi iliyorudi: seti ya meno, akriliki, saa za fundi, safari za boda, na lile ambalo halina risiti, yaani daktari aliyeanza kutafuta maabara nyingine. Sidhani gesi itashinda, ila ninachotaka ni Mjomba aone namba kwa macho yake na aamue pamoja nawe. Kama siku za mgao wa umeme au foleni ya gesi zinawasumbua, mchana tumieni ule mzunguko mfupi, muwe mmemaliza kabla ya jioni.

Sasa tuje mlangoni, kwenye impresheni.

Umesema kazi moja au mbili katika kumi zinarudi. Kila inayorudi inaingia tena kwenye foleni na kukalia nafasi ya kazi mpya. Ukitoa 30 kwa wiki na nne katika hizo zimerudi kutengenezwa upya, umetoa 26. Ukiziba tundu hilo tu, maboksi yataanza kupungua bila mtu kuongeza saa ya kazi. Nenda kayachambue maboksi 75 usiku wa leo, na nadhani utakuta kundi kubwa halisubiri fundi hata kidogo. Kuna boksi lisilo na rangi ya jino, jingine halina mng'ato (alama ya meno yanavyoumana), na jingine Mjomba alikwisha sema "mpigie daktari kwanza" na hakuna aliyepiga.

Alijineti, ile dawa laini ya kuchukulia impresheni, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa mji wenu. Sehemu kubwa yake ni maji. Ikiachwa wazi inapoteza maji na kusinyaa, ikitumbukizwa kwenye maji inavimba, na kwa aina za kawaida inatakiwa imwagwe stoni ndani ya robo saa hivi, au ikichelewa ifungwe kwenye mfuko na tishu yenye unyevu na isikae muda mrefu. Sasa mfikirie kijana wako anaichukua Tegeta saa nne, anapita Mwenge na Sinza kuchukua nyingine, foleni ya Ubungo inamkamata, jua linapiga boksi la pikipiki. Inapofika kwenu mdomo wa mgonjwa ulishabadilika umbo. Fundi anatengeneza meno mazuri kabisa ya kinywa ambacho hakipo, halafu daktari anasema maabara yenu haijui kazi.

Kwa kliniki zilizo mbali, zungumza nao wamwage modeli wenyewe pale pale. Wapelekee mfuko wa stoni na mizani ndogo, mtume fundi mmoja akakae asubuhi moja na msaidizi wa daktari amfundishe kupima. Stoni ngumu ya modeli za krauni inachukua mililita 20 hadi 24 hivi za maji kwa gramu 100, kulingana na maelezo ya mtengenezaji; akiongeza maji kwa kukisia ili ilainike, modeli itakuwa dhaifu na vipimo vyake vitakwenda kombo. Gharama ya mfuko huo haifiki gharama ya seti moja iliyorudi. Impresheni za silikoni za aina ya nyongeza, zile za krauni, zinavumilia safari na zinaweza kusubiri siku kadhaa, kwa hiyo boda asiendeshe roho mkononi kwa ajili yake. Kipaumbele chake kiwe alijineti.

Hapo mlangoni weka mtu mmoja na taa nzuri. Impresheni ikifika, ioshwe na kuuawa vijidudu (dakika kumi kwenye dawa inatosha, alijineti isilale humo), kisha iangaliwe pale pale. Je, mpaka wa jino lililochongwa unaonekana mzunguko wote? Kuna povu? Imeachana na trei? Kadi ina namba ya jino, rangi, umri na jinsia ya mgonjwa, na tarehe ya miadi? Rangi iandikwe kwa alama ya kadi ya VITA, A2 au A3.5, kwa sababu "nyeupe kiasi" haitengenezeki. Kikikosekana kimoja, boksi haliingii mezani, linakaa kwenye rafu ya mlangoni yenye bango moja tu: "Tunasubiri jibu la kliniki." Na wewe mwenyewe, kila siku saa nne na saa tisa, unaipitia rafu hiyo na simu mkononi.

Ndipo lile swali lako la daktari mkubwa. Unamkatalia kwa heshima na kwa haraka, na haraka ndiyo yenye nguvu kuliko heshima. Ukimpigia siku ya tano kwamba impresheni ni mbovu, umemwaibisha mbele ya mgonjwa wake na atakuwa na haki ya kukasirika. Ukimtumia picha kwa WhatsApp ndani ya nusu saa, unamsaidia. Sema hivi: "Daktari, habari za kazi. Hii ya jino la 46, upande wa ulimi mpaka haujatoka, nimekuzungushia kwa nyekundu kwenye picha. Nikiitengeneza hivi itarudi, na mgonjwa atasumbuka mara mbili. Ukiweza kumpata achukuliwe nyingine, boda anakuja leo leo bila malipo." Baada ya wiki chache mwombe jambo bora zaidi: msaidizi wake akutumie picha kabla mgonjwa hajashuka kwenye kiti.

Na kabla ya simu ya kwanza, mwendee ana kwa ana. Beba daftari la kazi zake zilizorudi na sababu zake, na zile ambazo kosa ni lenu zitangulie. Mwambie mmerekebisha nini. Mtu akiona umeanza na nyumba yako, atasikiliza habari ya nyumba yake. Sijaona daktari makini anayechukia maabara inayomlinda asirudie kazi. Akikuhama kwa sababu hiyo, bado nitakuambia umefanya sawa, maana kazi zake mbovu zilikuwa zinakula muda wa wateja wako wengine wote.

Kuhusu Mjomba. Amesema kweli kwamba kila mdomo una lake, na usimbishie. Ila mweleze, mkiwa wawili tu na si mbele ya vijana, kwamba mbinu hizi hazikuanzia kwenye wingi wa kitu kimoja. Taiichi Ohno na wenzake wa Toyota walizijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu kampuni haikuwa na fedha, na soko la Japani lilitaka magari ya aina nyingi, kila aina machache. Wasingeweza kulundika. Tena wazo la kusimamisha kazi kosa linapoonekana lilitoka kwa Sakichi Toyoda, mvumbuzi wa mashine za kufumia, ambaye mashine yake ya kufumia ya mwaka 1924 ilisimama yenyewe uzi ukikatika, isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Impresheni yenye povu ni uzi uliokatika, nanyi mnaendelea kufuma juu yake kwa wiki mbili. Na kama anaona haya ni ya viwandani tu, mkumbushe Mbeya: Hospitali ya Rufaa ilianza 5S mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la ushirikiano la Japani, kwa kufuata mfano wa hospitali ya wanawake ya Castle Street huko Sri Lanka, na hospitali nyingine nchini zikafuata. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, maneno hayo yako kwenye kuta za hospitali zetu siku nyingi.

Halafu mpe kazi inayolingana na heshima yake. Mwombe akae na kijana mmoja anayeandika vizuri, aeleze hatua kwa hatua namna anavyojaza flaski na kuipika: vipimo vya poda na monoma, anajuaje unga umefika hatua ya kuvutika bila kunata mkononi, anakaza shinikizo lini, anaacha ipoe kwa muda gani. Karatasi hiyo ibandikwe juu ya meza ya flaski. Mkono wa mzee huyo ni mali ya maabara, na kwa sasa umeandikwa kichwani mwake tu. Mbele ya vijana, akikukosoa tena, mjibu, "Mjomba, nisaidie nione," na umsikilize kweli.

Vijana wanaoogopa kupunguzwa, usiwatulize kwa maneno ya pembeni. Waite wote, sema mbele ya Mjomba kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya muda utakaookolewa, na uandike. Kama huwezi kuahidi hivyo, acha kabisa mpango huu, kwa maana hakuna binadamu atakayekuonyesha upotevu ambao kuuondoa kunamwondoa yeye.

Malipo ya kwa idadi nayo yatakutesa. Fundi anayelipwa kwa seti atapanga meno ya modeli kumi mfululizo hata kama mbele yake flaski zimejaa, kwa sababu nyumbani kwake seti kumi ni chakula. Hana kosa, wewe ndiye unayelipia mlundikano. Kaa na hao wawili, piga wastani wa walichopata miezi mitatu iliyopita, wape huo kama mshahara, na juu yake weka bonasi ya wote kwa kazi zilizotoka kwa wakati bila kurudi. Hata aliyekuwa akipata zaidi asishuke. Wasipokubali, angalau lipa kazi iliyopita mlangoni ikiwa salama, na ile iliyorudi kwa kosa la mezani isilipwe mara ya pili.

Mistari ya sakafuni na karatasi za droo usizirudie kwa sasa. Anza na meza yako mwenyewe na stoo ya modeli za zamani, uzipunguze, vijana waone mwenye mali anafanya kwanza. Ubao urudi, lakini uwe na vitu vichache: majina ya hatua, kadi za kazi zilizopo kwenye kila hatua, na idadi ya juu inayoruhusiwa. Hatua ikijaa, wa nyuma yake asisukume nyingine, aende akasaidie. Kila asubuhi simameni hapo dakika kumi, mnaanza na kadi zenye miadi ya karibu. Mjomba ndiye aongoze, si wewe.

Neno moja kuhusu kupanga upya meza, kwa kuwa mafunzoni mlifundishwa kusogeza hatua zikae jirani ili kupunguza kutembea. Kwenu si kila hatua inafaa kukaa jirani na nyingine. Vumbi la plasta na la kung'arishia likifika kwenye porseleni, krauni inatoka na madoa baada ya tanuri. Monoma inashika moto, kwa hiyo isikae karibu na taa ya nta. Bora fundi atembee hatua chache na ukuta ubaki. Chumba cha kukwangulia kiwe na feni ya kuvuta vumbi, na barakoa ivaliwe, mapafu ya vijana hao ni yao kwa maisha yote.

Kuhusu mashine, safari hii niko na mumeo. Zirkonia huchongwa ikiwa laini na kubwa kuliko jino kwa asilimia 20 hadi 25, kisha inaingia tanuri la nyuzi 1,500 hivi, ambako husinyaa mpaka kipimo chake, na mara nyingi hiyo ni kazi ya saa nyingi, usiku kucha. Mashine inafanya haraka hatua ambayo haijawahi kuwachelewesha ninyi. Impresheni iliyosinyaa ikipigwa skani inatoa krauni isiyokaa, kwa usahihi mkubwa. Na rejesho la benki litakulazimisha uingize kazi nyingi zaidi kwenye foleni ambayo tayari ni ya wiki mbili na nusu.

Waombe benki wakupe miezi mitatu. Katika miezi hiyo andika mambo mawili tu kila wiki: maboksi yaliyoko ndani Jumamosi jioni, na kazi zilizorudi pamoja na sababu ya kila moja. Wateja waambie kuanzia Jumatatu kwamba ni wiki mbili na nusu, na mtimize. Ushushe ahadi kadiri maboksi yanavyopungua. Ukifika 30 na ukaona kwenye daftari kwamba krauni za zirkonia mnazowapelekea wenzenu ndizo pekee zinazochelewa, na ni nyingi za kutosha kulipa rejesho, niandikie tena na hesabu hizo, nami nitakusaidia kuandika barua ya benki.